Tuhesabu watoto, si mafunzo

Mutu anaweza kuhudhuria mafunzo kumi na usiku arudilie kanyanga. Sasa tupime nini?

Kule Kentucky, Marekani, programu ya START inamutuma mutumishi wa ulinzi wa watoto pamoja na muzazi aliyekwisha kuacha pombe ao dawa za kulevya. Wanafuata familia pamoja, mapema. Watafiti walilinganisha familia hizo na zingine zenye shida sawa. Katika START, watoto 21 kwa 100 waliondolewa kwa wazazi. Kwa zile zingine, 42. Bila hiyo 42, ile 21 haisemi kitu.

Basi muulize kila muradi, hata wetu: mutoto analala wapi leo, na muzazi ameacha tangu lini?