Nani analipa muziki? Maneno kwa vijana juu ya utamaduni wa raia na utamaduni wa biashara



Wamoja wametuuliza: "Inchi iko na vita, kazi hakuna, diploma zenu zinaoza mu masanduku, na ninyi munakuja kuzungumuzia nyimbo na tablo?" Ulizo hilo ni la haki. Tunajibu hivi: wakubwa wanapotafuta sauti zetu, hawaanzake na programu ya kazi. Wanaanzaka na podiumu, bafle, mwimbaji mwenye jina, mipira ya kuvaa na bia. Kama hatujui namna mashini hiyo inatembea, itaendelea kutubeba kila kampanye.

Wenye kusoma mambo ya jamii wanatofautisha vitu viwili. Kuko utamaduni wa raia: nyimbo, hadisi, tablo, tiyatre, vichekesho, vitu watu wanajitungia wenyewe, kwa luga yao, juu ya maisha yao. Na kuko utamaduni wa wingi: watu wachache wanautengeneza fasi moja, kisha wanautuma kwa mamilioni ya watu wenye hawajuane, kwa redio, kwa televizyo, na leo kwa telefone. Lakini kati ya hivyo viwili hakuna ukuta. Wimbo unaweza kuzaliwa mu lupangu na kuishia mu tangazo la bia.

Kuko Wajerumani wawili, Theodor Adorno na Max Horkheimer. Walimukimbia Hitler, wakafika Marekani, na mu miaka ya 1940 wakaandika kule kitabu chenye kilitoka Amsterdam mu 1947. Mwanzoni walisema "utamaduni wa wingi". Kisha wakalifuta neno hilo, wakaandika "industri ya utamaduni". Miaka kisha, Adorno alieleza juu ya nini: neno la kwanza linafanya watu wafikiri kwamba vitu hivyo vinatoka kwa raia wenyewe. Kwao ilikuwa ni bidaa, zinatoka kwenye kiwanda sawa vile sabuni, na sisi wasikilizaji ni soko. Waliongeza neno lingine kali: mutu anatoka kazi amechoka, anatafuta mapumuziko, na mapumuziko yenyewe yanatoka mu mashini ileile yenye kumuchosha.

Sisi wenye hatuna kazi tunaona upande mwingine. Kwetu mapumuziko yamekuwa siku nzima. Telefone inatushika asubui na kutuachilia usiku, na mégabyte tunanunua na feza ya unga.

Mashini hiyo Wakongomani wanaijua zamani. Wazazi wetu wanakumbuka animation ya wakati wa Mobutu: wanafunzi na wafanyakazi walicheza ngoma za kumusifu Guide kwenye stade na kwenye uwanja wa ndege. Ngoma zilikuwa za mababu, maneno yalikuwa ya chama. Walichukua utamaduni wa raia, wakaufanya kuwa sauti ya mutu mumoja.

Muangalie pia Franco, kiongozi wa OK Jazz. Mu 1978 serikali ilimutia mu gereza juu ya nyimbo zenye ilisema ni za matusi. Mu 1984 Franco huyo huyo alitoa wimbo mzima wa kuomba watu wamuchague Mobutu, wakati Mobutu alikuwa kandida peke yake. Hatumuleti hapa ili tumuhukumu marehemu. Tunataka muone kwamba sauti moja inaweza kusema mambo ya raia leo na kuimbia mukubwa kesho. Kwa hiyo kujua jina la mwimbaji haitoshi. Tunapashwa kuuliza pia nani analipa, na nani anaogopesha.

Leo kuko mabanga. Ninyi wote munayajua: mutu analipa, jina lake linatajwa ndani ya wimbo. Mufanyabiashara, jenerali, deputé, kila mutu na jiwe lake. Wanamuziki wanasema ni njia ya kuishi, na hawasemi uongo, juu diski haziuzishwe tena na haki za watunzi ni shida kuzipata. Tangu Desemba 2021 rumba ya Kongo zote mbili iko kwenye liste ya UNESCO. Tulifurahi. Lakini liste hailipe mupiga gitare. Kama raia hawamulipi na sheria haimulindi, atalipwa na mwenye kutaka jina lake litajwe. Na sisi tunajifunza majina yao kwa moyo, bila kujua wamefanyia inchi nini.

Je, basi tuko mabubu tu? Hapana. Stuart Hall, kijana wa Jamaika mwenye alienda Uingereza mu 1951 kusoma, hakukubaliana na wenye kufikiri kwamba raia wanameza tu kila kitu. Mu 1973 aliandika kwamba mwenye kutuma ujumbe anautia maana yake, lakini mwenye kupokea iko na njia tatu: kuukubali wote, kukubali nusu na kubishana na nusu, ao kuusoma kinyume kabisa. Kwake utamaduni wa raia ni uwanja wa vita, na kila siku kuko mwenye kushinda na mwenye kushindwa pale.

Mu Kongo tunaona ukweli wake. Adorno alizarau jazz. Wakubwa wetu wa Léopoldville walichukua neno hilo, wakalipachika kwenye African Jazz na OK Jazz, wakachanganya na rumba ya Cuba yenye ilikuja kwa diski za biashara, na wakatoa muziki wa kwao. Bidaa iliingia, kitu kingine kikatoka.

Na kuko mutu mwenye kila kijana wa Lubumbashi angepashwa kujua: Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mu 1947. Hakuwa na atelye ya Ulaya. Alichora tablo juu ya mifuko ya unga, na wafanyakazi walizinunua kwa bei ya chini ili wazitundike mu salon: mufungwa anapigwa fimbo wakati wa Colonie belge, ao Lumumba mwenye kamba kwenye mikono. Mu 1973 na 1974 alimuchorea mwalimu wa iniversite ya Lubumbashi, Johannes Fabian, karibu tablo 100, historia yote ya inchi, na akamueleza kila moja kwa Kiswahili chetu, hiki tunachosema kwenye kartie. Alijiita muchoraji na mwana-historia. Wakati serikali ilitaka historia ya mutu mumoja, yeye alichora ya raia, na hakuomba ruhusa kwa mutu. Tangu karibu 1981 hakuna mwenye kujua alienda wapi.

Kuko pia watu wa tiyatre wa Mufwankolo. Mu 1986, mule Lubumbashi, walichukua mezali ya Kifaransa yenye kusema kwamba mamlaka inakuliwa nzima, wakaigeuza kuwa mchezo wa Kiswahili kwa televizyo. Watu waliwaona nyumbani, wakati wa chama kimoja. Televizyo ilikuwa ya serikali, lakini ulizo lilikuwa la raia: chef anakula peke yake mupaka wapi?

Wandugu, tunaomba mambo matatu.

La kwanza: tusikatae kucheza. Muende kwenye konseri, mucheze. Lakini mbele ya kila podiumu ya bure muulize kwa sauti nani amelipa, na anataka nini kwetu. Mwenye kuleta bia, mumuulize juu ya maji na barabara.

La pili: tuwalipe wetu. Kijana mwenye kufanya slam, muchoraji wa kando ya barabara, wenye kucheza tiyatre kwenye kartie, hawaombi mamia ya dola. Franga kidogo kwa kila mutu mwenye kuangalia zinatosha ili wasikwende kuomba jiwe kwa mukubwa.

La tatu: tuandike. Maneno ya Tshibumba yako leo juu mutu alitia mashini ya kurekodi mbele yake. Wachoraji wengi wa wakati ule walisema mambo na hakuna mwenye alirekodi. Telefone yenye kutumeza siku nzima iko na mikro. Wiki hii, kila mumoja wetu akae na muzee mumoja, mupiga gitare, muchoraji, mama mwenye kuimba kwenye kilio, amurekodi kwa luga yake, na aandike jina, fasi na tarehe.

Sisi wenye masomo bila kazi tuko na wakati, na tunajua kusoma na kuandika. Wale wenye kutafuta sauti zetu wanajua vile. Tuanze kuzitumikisha sisi wenyewe.