PICHA ZA VIOO VYA HADUBINI NA USHAURI WA WATAALAMU WALIO MBALI

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa afya huko Mbalizi, Mbeya. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani.)



Mgonjwa anapotolewa kinyama kwa shaka ya saratani, daktari hawezi kuchagua tiba kwa uhakika mpaka mtaalamu wa patholojia atoe jibu. Kutoka hapa Mbalizi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kwa ndugu zetu wa Pemba, njia ni bahari. Kipande kikiwa safarini, uvimbe hausubiri.

Siku hizi kioo chaweza kubaki maabara na picha yake ikasafiri. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupiga picha chache za sehemu zilizochaguliwa. Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Honiara, katika Visiwa vya Solomon, ilianza hivyo mwaka 2001, ikishauriana na wataalamu wa Basel, Uswisi. Ya pili ni skana kusoma kioo kizima. Kwa jirani zetu wa Malawi, Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, ilifungua maabara ya patholojia mwaka 2011, na wataalamu wake wakawa wakijadili vioo kila wiki na wenzao wa Marekani.

Kila njia ina gharama yake. Tishu ya milimita 15 kwa 15, ikisomwa kwa undani, hutoa takriban pikseli bilioni 3.6. Hata ikibanwa, faili hilo laweza kufikia gigabaiti moja. Penye mtandao dhaifu, picha chache zafaa zaidi. Lakini mshauri huona kile tu alichochaguliwa. Sehemu yenye ugonjwa ikiachwa, hata bingwa atapotoka.

Zaidi ya hayo, skana haiponyi kipande kilichooza. Kazi huanzia mikononi mwetu. Kwa hiyo tuzingatie yafuatayo:

1. Kipande kitiwe mara moja katika formalini ya asilimia 10, yenye ujazo mara kumi ya kipande chenyewe. Kisiwekwe katika maji ya chumvi.
2. Jina, namba na tarehe viandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko.
3. Fomu ieleze umri wa mgonjwa, mahali kilipotolewa kipande na muda wa uvimbe.
4. Picha itumwe kwa namba, bila jina la mgonjwa.

Ndugu Mwenyekiti, ushauri wa mbali ni msaada. Dhamana ya mgonjwa hubaki kwetu tuliomshika mkono. Tukilinda kipande tangu chumba cha upasuaji, picha itasema kweli popote itakapofika.