Wimbo tumeutunza, kazi yake tumeitupa

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.)



Wiki mbili zilizopita sikuwa nanyi hapa mjini. Nilikuwa kwetu Ruponda, wilayani Nachingwea, katika msimu wa korosho. Wenye asili ya Kusini mnaujua msimu huo ulivyo. Mchana watu wako mashambani wanaokota korosho, harufu ya mabibo imeenea kila uwanja, na jioni mazungumzo huwa ni moja tu: bei ya mnada. Lakini kwa jioni tatu mfululizo, nyumbani kwa mjomba wangu, bei ya mnada haikuguswa. Tulikuwa tunatazama Wazungu wanne wakinywa chai.

Msicheke. Mjukuu wa mjomba, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alikuja likizo na kompyuta yake, na ndani yake mlikuwa na filamu ya bendi ya Beatles iliyotengenezwa na Peter Jackson na kutoka mwezi Novemba 2021. Filamu hiyo ina sehemu tatu, na zote pamoja zinakaribia saa nane. Tuliweka kompyuta juu ya kigoda, tukakaa mkekani, wakubwa kwa watoto, kila jioni sehemu moja.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 2 Januari 1969 Beatles waliingia katika jengo kubwa la kupigia filamu huko Twickenham, London. Mpango ulikuwa watunge nyimbo mpya, wazifanyie mazoezi, halafu wazipige mbele ya watu, na kamera iwafuate tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwongozaji, Michael Lindsay-Hogg, aliwafuata kwa karibu mwezi mzima. Zikapatikana saa zipatazo 60 za picha na zaidi ya saa 150 za sauti.

Sasa mtu ukiambiwa unakwenda kuona bendi mashuhuri kuliko zote duniani ikifanya kazi, unategemea maajabu. Maajabu hayapo. John Lennon anachelewa kufika. Wanapiga miayo. Inaletwa chai na mkate wa kubanika. Wanaanza wimbo, wanaukosea, wanacheka, wanaurudia, wanaukosea tena. Maneno hawajayapata, kwa hiyo wanaimba maneno ya ovyo ili kushika nafasi. Asubuhi moja Paul McCartney anakaa na gitaa lake la besi, analikwaruza kama mtu anayekuna nazi, huku anaguna sauti zisizo na maana yoyote. Dakika chache baadaye, mbele ya macho yako, wimbo wa "Get Back" unaanza kujitokeza. George Harrison anapiga miayo pembeni, halafu naye anachukua gitaa.

Kitukuu wa mjomba, mtoto wa miaka kama 12 hivi, akauliza, "Kumbe na wao wanakosea?"

Hakuna aliyemjibu. Lakini nilimwona mjomba akisogea mbele kidogo kwenye mkeka.

Tulipofika tarehe 10 Januari, mambo yakaharibika. Harrison alikuwa amechoka kuelekezwa namna ya kupiga gitaa lake, akachoka nyimbo zake kuwekwa nyuma. Akawaambia wenzake anaacha bendi, akaondoka. Wenzake wakabaki wanatazamana. Mjomba akasema, "Rudisha nyuma." Ikarudishwa. Akasema tena, "Rudisha nyuma." Mara ya tatu mwalimu akauliza, "Babu, unatafuta nini hapo?" Ndipo mjomba akatueleza jambo ambalo mimi, mpwa wake niliyekulia mikononi mwake, sikuwahi kulisikia.

Mjomba ujanani alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi moja ndogo ya huku kwetu. Ameniruhusu niwasimulie, ila kwa sharti kwamba jina la bendi nisilitaje. Mwaka 1975 walipata nafasi ya kwenda kurekodi redioni Dar es Salaam. Walipanda lori pamoja na vyombo vyao. Vijana wa leo mnaovuka Rufiji kwa daraja la Mkapa hamjui kwamba daraja hilo limefunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla yake ilikuwa ni pantoni ya Ndundu. Bendi ya mjomba ililala Ndundu siku mbili, spika zimefunikwa turubai, mbu wanawala, wanangoja zamu ya kuvuka.

Walifika mjini wamechoka, na walikuwa na asubuhi moja ya kurekodi nyimbo nne. Enzi hizo bendi nzima ilipiga kwa pamoja katika chumba kimoja: magitaa, tumba, tarumbeta na waimbaji, na sauti yote ikaingia moja kwa moja kwenye utepe. Akikosea mmoja, hakuna kumrekebisha peke yake. Mnaanza wote upya. Katika wimbo wa tatu, mahali gitaa linapoingia baada ya kiitikio cha pili, kidole cha mjomba kiliteleza. Angeinua mkono wangerudia. Lakini kiongozi wa bendi alikuwa mkali, na nje bendi nyingine ilikuwa imekwisha shusha vyombo. Akanyamaza.

Wimbo ukatoka, ukapendwa, ukapigwa miaka na miaka. "Kila ulipopigwa," alisema mjomba, "nilikuwa natoka nje kabla haujafika pale mahali. Yule kijana kasema yaliyomo moyoni. Mimi nilinyamaza."

Nikamwambia ukweli: wimbo ule nimeusikia tangu utotoni, na pale mahali nilidhani ndivyo palivyotungwa. Hakujibu kitu.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo penye mazungumzo yangu ya leo. Nimejiuliza: ingekuwaje kama mjomba angekufa mwaka juzi alipougua? Wimbo ungebaki. Habari ya Ndundu, ya ile asubuhi moja na ya kile kidole, ingezikwa naye. Na sisi tungesimama makaburini na kusema maneno yetu tuliyoyazoea, kwamba marehemu alikuwa na kipaji na ameacha pengo lisilozibika.

Maneno hayo ya kipaji yanatudhuru. Nyimbo za dansi la zamani tumezitunza kwa kiasi, na shukrani kubwa kwa hilo ziende kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa bendi zetu kurekodi. Lakini tulichotunza ni wimbo uliokwisha iva. Namna ulivyopikwa hatuna. Nuta Jazz ilianza mwaka 1964, na ndiyo tunayoiita leo Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978. Marehemu Muhidin Maalim Gurumo alipita bendi zote mbili, akafariki Aprili 2014. Hebu fikirini mazoezi aliyohudhuria mtu huyo katika miaka 50: nyimbo ngapi zilianza vibaya zikanyooshwa, ubishi kiasi gani ulipita kati ya mpiga solo na mwimbaji, maneno mangapi yalibadilishwa ili wimbo ukubaliwe kupigwa redioni. Hiyo ndiyo shule yenyewe ya muziki wetu.

Najua mtaniambia kwamba Beatles walikuwa matajiri, kamera walikuwa nazo. Ni kweli. Sisi Tanzania Bara televisheni yenyewe imeanza mwaka 1994. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, miaka 15 kabla ya hapo. Siwezi kuwalaumu wazee kwa kamera ambayo hawakuwa nayo. Bi Kidude wa Zanzibar alibahatika, Andy Jones akamtengenezea filamu iliyotoka mwaka 2006, naye akiwa hai na ana nguvu za kuimba na kubishana. Wangapi wamepata bahati hiyo?

Lakini udhuru huo ulikuwa wa jana. Leo nendeni kwenye harusi yoyote, hesabuni simu zilizoinuliwa juu bibi harusi anapoingia. Nendeni hata msibani. Tunapiga picha sahani ya pilau kabla ya kuila. Kamera tunayo, na tunaielekeza kwenye sherehe. Kwenye kazi hatuielekezi.

Kuna jambo jingine ambalo filamu hii inafundisha. Picha zile za mwaka 1969 zilikwisha kutengenezewa filamu nyingine, iliyotoka Mei 1970. Wakati huo habari za bendi kuvunjika zilikuwa zimetangazwa mwezi mmoja tu kabla, na wengi walioitazama waliona msiba mtupu. Zaidi ya miaka 50 baadaye, kutoka katika mikanda ile ile, Peter Jackson ametoa filamu ambayo ndani yake watu wale wale wanataniana na kucheka. Harrison aliyeondoka anarudi. Mpiga kinanda Billy Preston anakaribishwa, na uso wa kila mmoja unachangamka kama nyumba iliyopata mgeni. Tarehe 30 Januari wanapanda juu ya paa la ofisi yao katikati ya London na kupiga muziki kwa dakika 42, mpaka polisi wanafika. Mkanda ni ule ule, ushahidi mmoja, hukumu mbili. Laiti wangetunza filamu ya kwanza tu na kuyatupa masalia, hukumu ya pili isingewezekana.

Na masalia hayo yana faida nyingine. Inaelezwa kwamba wanamuziki wale, walipotaka kuzungumza siri, walikuwa wanakwaruza magitaa kwa nguvu ili vipaza sauti visiwasikie. Mitambo ya siku hizi imeweza kuliondoa gitaa na kuibakiza siri. Mwaka 2023 ufundi wa aina hiyo hiyo ulichambua sauti ya Lennon, aliyeuawa tangu Desemba 1980, kutoka katika kaseti chakavu, ikatolewa katika wimbo mpya. Kwa hiyo utepe wa zamani wenye sauti zilizorundikana pamoja usidharauliwe. Kinachoonekana leo ni kelele, kesho kinaweza kusikika kuwa ni maneno. Mwenye kaseti za mazoezi ya bendi kwenye sanduku la nguo za marehemu baba yake asizifute kurekodia mahubiri, wala asizianike juani.

Basi nashauri nini? Kama una mzee aliyewahi kupiga muziki, na kila wilaya wamo, nenda ukakae naye. Usimwulize wimbo gani ulimpa sifa, hilo amelijibu mara mia. Mwulize nani alileta mwanzo wa wimbo. Nani alikataa. Gitaa lilikuwa la nani. Walilala wapi njiani. Mpiga tumba alikuwa nani, maana waimbaji tunawajua na wapiga tumba tumewasahau. Andika tarehe na majina. Mwombe ruhusa kabla ya kumrekodi, usimrushe hovyo mitandaoni, na nakala moja ibaki kwa familia yake. Na kama mazungumzo hayo yatakuletea fedha, mkumbuke mwenye nayo. Wazee hawa wamekwisha sifiwa vya kutosha bila kulipwa.

Jioni ya tatu, filamu ilipokwisha, mjomba aliagiza aletewe gitaa. Mwalimu akaenda kuliazima kwaya. Mjomba alilikaza nyuzi muda mrefu, vidole vimekakamaa kwa jembe na korosho. Kisha akajaribu pale mahali. Akakosea. Akajaribu tena, akakosea, akalaani kidogo kwa Kimwera. Mara ya nne au ya tano ndipo solo ikatoka, nyororo, kama alivyokusudia iwe mwaka 1975. Watoto wakapiga makofi.

Yule wa miaka 12 alikuwa ameshika simu muda wote. Mjomba akamwambia, "Hiyo ya mwisho iache. Zile za mwanzo futa."

Mtoto akasema, "Babu, wale hawakufuta."

Mzee akamtazama, akanitazama na mimi kana kwamba ndiye niliyemfundisha. Halafu akasema, "Haya, ziache."