Kagua Kinachoingia: Maneno kwa Vijana wa Langas Wanaojifunza Lugha ya C

Sisi wa habari hufunzwa mapema: usichapishe ulichoambiwa kabla ya kukikagua. Programu nayo ni vivyo hivyo.

Tuseme mnaandika programu ya kusajili wakazi. Mmetenga nafasi 10 za jina. Mkazi anaandika Chepkemboi. Herufi ni 10, lakini C huongeza alama moja ya kufunga neno. Zinahitajika nafasi 11. Mkisoma kwa gets, inayozidi humwagika na kuharibu data iliyo jirani.

Si jambo dogo. Novemba 1988, programu ya Morris ilipenya kwa kutumia kosa la aina hiyo, ikalemaza maelfu ya kompyuta. Mwaka 2011 gets iliondolewa katika kanuni rasmi za C. Tengeni nafasi ya kutosha, kisha mtumie fgets, ambayo huwekewa kikomo.

Na umri? scanf hurudisha idadi ya thamani ilizosoma. Mzee akiandika "ishirini" badala ya 20, itarudisha 0. Futeni alichoandika, mmwombe tena kwa upole. Kosa si lake; ni la aliyeandaa fomu.