Kukataa kwa Uungwana



Nchini Marekani, tangu mwaka 1987, Taasisi ya Taifa ya Sayansi hugharimia miradi ya utafiti vyuoni wakati wa likizo ya kiangazi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hulipwa posho, akafanya utafiti chini ya profesa kwa majuma yapatayo kumi. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi. Hivyo kijana huomba miradi kadhaa, na pengine huitwa na miwili kwa pamoja.

Hapo ndipo uungwana hupimwa. Aitwapo huku akingoja mradi mwingine, na ashukuru, aulize siku ya mwisho ya kujibu, aombe muda waziwazi. Akikubali, awaarifu wengine siku hiyo hiyo. Kukaa kimya ni kuifunga nafasi ambayo mwenzake aliye katika orodha ya akiba anaisubiri. Kukubali kisha kukimbilia penye posho nono ni kubaya zaidi, maana humwaibisha hata mwalimu aliyempendekeza.

Ndugu walimu, nanyi huandika barua za kuwapendekeza vijana. Wafundisheni kwamba ahadi ni deni, na kwamba jibu la kukataa likitolewa mapema huwa mlango kwa mwingine.