Pikapu ya Zamani Inapogoma Kuwaka

Msikilizaji, Mobeni iko kusini mwa Durban, karibu na Prospecton, ambako Toyota inaunda Hilux. Hewa ya Bahari ya Hindi huko ina chumvi na unyevu, na pikapu kuukuu ya petroli huumia hasa kwenye mfumo wake wa moto.

Kwanza sikiliza. Ukiwasha ikalia “tek” tu, shuku betri, staata au vichwa vya betri. Sugua kwa brashi unga mweupe au wa kijani ulio kwenye vichwa hivyo. Injini ikizunguka vizuri lakini haishiki, tafuta cheche.

Zima swichi, fungua kifuniko cha distribyuta. Kipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha kitazame kwenye mwanga. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, wenye mstari mweusi, hapo ndipo moto unapovujia. Usikigundishe, nunua kipya. Waya za plagi chomoa mmoja mmoja, mpangilio usije ukachanganyika.

Nakuomba sana, usishike waya wa koili injini inapozungushwa. Waya huo hubeba maelfu ya volti. Na ukisikia harufu ya petroli, usijaribu cheche kabisa. Fungua boneti, tafuta kwanza inakovuja.