Paulo Aliomba Vitabu

Masomo: 2 Timotheo 4:9-13; Matendo ya Mitume 8:26-35



Sisi watu wa Kivu tunajua kukimbia. Risasi zikilia usiku, mama anabeba mtoto, baba anabeba godoro, mkubwa wa watoto anabeba sufuria. Kitabu kinabaki. Baba yangu alikuwa na vitabu vyake katika sanduku la mbao. Tuliporudi, sanduku lilikuwa limekwisha kuwa kuni. Siku moja nilinunua karanga sokoni, nikaona zimefungwa katika ukurasa wa kitabu. Nilikula karanga, kisha nikaketi kusoma ile karatasi. Habari ilikatika katikati. Mpaka leo sijui mwisho wake.

Kwa hiyo nikifika 2 Timotheo 4:13 nasimama kidogo. Paulo yuko kifungoni, anajua kwamba kufa kwake kumekaribia, na majira ya baridi yanakuja. Anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Hilo tunalielewa, mwili unasikia baridi. Lakini anaomba na vitabu pia, hasa vile vya ngozi. Huyu ni mtu aliyenena kwa lugha kuliko Wakorintho wote. Ndiye aliyeandika habari za mbingu ya tatu. Na bado anaomba vitabu! Basi nani alitufundisha kwamba mtu wa Roho hana haja ya kusoma?

Niungame kosa langu. Nilipokuwa mchungaji kijana, nilimkuta binti mmoja wa kwaya na kitabu chenye jina Ngando, yaani mamba. Nikasema, hiki ni cha uchawi. Nikamnyang'anya mbele ya wenzake. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja. Yule binti akaacha kwaya, kisha akaacha ibada.

Kitabu kilikaa kwangu muda mrefu. Usiku mmoja usingizi ulikataa, nikakifungua. Kiliandikwa na Paul Lomami Tshibamba, kikatoka mwaka 1948, nacho ni kati ya riwaya za kwanza za Kongo yetu. Ni habari ya mtoto aliyechukuliwa na mamba, na baba anayekwenda kumtafuta. Nilipokuwa nikisoma, niliwaona washirika wangu. Ile hofu ya uchawi inayowaleta watu kwangu kwa maombi, wakiuliza nani amemwua mtoto wao, ilikuwa pale. Yule binti alikuwa amebeba swali ambalo kanisa zima linalo, nami nikalifungia kabatini. Nilikwenda kwao, nikamrudishia kitabu, nikaomba msamaha mbele ya mama yake. Akaniuliza, "Sasa Pasta, umesoma? Tuongee basi." Tuliongea mpaka jioni.

Wapendwa, tazameni Matendo 8. Yule Mwethiopia ana kitabu cha Isaya, ana gari, ana elimu. Lakini Filipo anapomwuliza kama anaelewa, anajibu kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Kisha anamkaribisha apande aketi naye. Angalieni tena: Filipo alijuaje anasoma Isaya? Alimsikia. Mtu yule alikuwa anasoma kwa sauti! Basi mama asiyejua kusoma asiseme jambo hili halimhusu. Mmoja asome, wote wasikie, wote waongee. Mara nyingi nimeona mama asiyejua herufi akiona jambo ambalo sisi wenye diplomi tumeliruka.

Mtaniuliza, tusome nini? Biblia kwanza, kila siku, nayo ndiyo inayopima vingine vyote. Paulo mwenyewe alijua maneno ya watunga mashairi wa Wayunani, akayatumia pale Athene (Matendo 17:28). Hakuyaabudu. Aliyapima, akachukua lililofaa.

Chagueni kimoja cha kale. Mimi nasema Maungamo ya Augustino. Huyu ni Mwafrika, alizaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria. Alipotea sana, na mama yake Monika alimwombea kwa machozi miaka mingi. Mwaka 386, akiwa bustanini kule Milano, alisikia sauti kama ya mtoto ikimwambia achukue na kusoma. Alichukua Waraka kwa Warumi, na maisha yake yakageuka. Mama mwenye kijana aliyepotea, kitabu hiki ni chako.

Chagueni na kimoja kipya. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2018, alitoa kitabu La Force des femmes mwaka 2021. Kinasema habari za wanawake waliotendewa jeuri vitani, na namna walivyosimama tena. Ni kizito. Watoto wadogo wasiwepo. Lakini katika makanisa yetu wako dada wanaobeba jambo hili kimya. Pengine kitabu kitafungua mlango ambao mahubiri yangu hayakuufungua.

Mtavipata wapi? Ulizeni wachungaji, walimu, na maktaba za shule za Biblia. Tazameni kwa wauzaji wa vitabu vya mtumba kando ya barabara. Changeni pesa: watu sita, kitabu kimoja kinatosha. Kikiwa cha Kifaransa, anayejua asome na kueleza kwa Kiswahili, kama Walawi walivyowaeleza watu maana katika Nehemia 8.

Mkikutana, ombeni kwanza. Someni kurasa chache tu. Kisha kila mmoja ajibu: Nimesikia nini? Wapi nimekubali, wapi nimekataa, na Neno la Mungu linasema nini juu yake? Kiongozi aseme mwisho. Na siri ya mtu ikitoka pale, isitembee sokoni.

Juma hili fanya jambo moja. Tafuta mtu mmoja, labda yule uliyemkemea kwa sababu ya swali lake, umwambie: njoo tusome.

Tuombe. Bwana Yesu, ulifungua akili za wanafunzi wako wapate kuelewa Maandiko. Fungua na zetu. Wale tuliowafukuza kwa haraka, warudishe, nasi utupe masikio ya kuwasikiliza. Amina.